Penye Wengi Palipoharibika Neno: Habari ya Mtoto na Dawa Zake

(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tunamshukuru Mungu kutufikisha siku hii ya leo. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama wachache tu, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Kulikuwa na watu walisema hatutafika Krismasi. Basi, Krismasi kumi zimepita na sanduku lipo.

Habari za hisa, mikopo na gawio hatutazisema sisi. Mtunza hazina ameziandika katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na yeye hesabu anazijua kutushinda. Sisi tumeomba kusema jambo moja tu, ambalo halimo katika daftari la hesabu. Ni habari ya mtoto wa mwenzetu mmoja. Mama yake ameturuhusu kuisema, ila jina tusitaje. Wale mnaomjua, tunawaomba mkae kimya kama tulivyokubaliana.

Mtoto huyu alizaliwa mwaka ule ule tulioanza kikundi, kwa hiyo umri wake na wa sanduku letu ni mmoja. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali, na baada ya homa ile akaanza kuanguka. Mama yake akampeleka kwa mganga wa zahanati, wakaona ni kifafa, akaanzishiwa vidonge vya fenobabitoni. Ni dawa ya zamani, bei yake nafuu, anakunywa usiku basi. Kuanguka kukakoma. Tukamshukuru Mungu.

Sasa mwaka 2020 ulikuja na mambo yake. Baba wa mtoto alikuwa mpagazi, anabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Corona ilipoingia, wageni hawakuja. Mnakumbuka jinsi mlima ulivyokaa kimya, na vijana wetu waliokuwa wakipanda lango la Marangu na Machame wakarudi kushika jembe, na wengine wakashika kata ya mbege. Nyumba ile ikaanza ugomvi. Mwaka 2022 baba akaondoka kutafuta kazi mbali, simu ikawa haipokelewi. Huku nyuma mama na wakwe zake hawakuelewana habari ya kihamba, na mwisho akateremka mjini na watoto watatu, akapanga chumba kimoja Pasua. Akawa anauza ndizi Mbuyuni.

Katika mahangaiko hayo ndipo mtoto alipobadilika. Mwaka 2023 alikuwa Darasa la Pili. Mwalimu akawa anamwita mama kila wiki. Mtoto hakai kwenye dawati. Anaanza kuandika, mstari mmoja hajamaliza ameshatoka dirishani. Anasukuma wenzake, anasahau daftari, anadakia maneno. Nyumbani halali mapema, anapanda kila kitu. Mama mwenye chumba akasema huyu mtoto akiendelea hivi, mhame.

Na hapo kila mtu akawa na neno lake. Bibi mzaa baba alisema mtoto amekosa fimbo ya baba. Shangazi yake alisema ni zile dawa, zinamharibu akili, zikatwe aende kwa mtu anayejua majani. Mwalimu naye alisema amesikia zipo dawa za kuwatuliza watoto watukutu, mama akaulize hospitali. Mama akabaki katikati, mume hayupo, wa kumuuliza hana. Akaja kwetu. Alikuja siku ya kikao kuomba fedha ya mfuko wa jamii, aende hospitali kubwa akaulize habari ya utukutu wa mwanawe.

Jamani, hapa ndipo pagumu kusema, lakini tuliahidiana tutasema.

Hatukumpa. Katiba yetu ilisema mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na msiba. Tukabishana kama utukutu ni ugonjwa. Mwenzetu mmoja akasema, “Mchelea mwana kulia hulia yeye,” wengine tukacheka. Tukasema fedha zikatolewe kwa utundu, kesho kila mmoja atakuja na wa kwake. Halafu tukafanya kosa kubwa kuliko la kumnyima: tukampa ushauri. Tulimwambia, kwa kuwa mtoto ana miaka hajaanguka, basi amepona, na kama dawa ndiyo inayomsumbua, aipumzishe kidogo tuone. Asiseme mtu ni shangazi peke yake. Hilo tulilisema sisi, tumekaa kwenye mabenchi, na sisi tulio viongozi tukaitikia kwa kichwa. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile tulikuwa wengi, na neno likaharibika.

Mama akasimamisha dawa. Siku tatu za kwanza alitupigia simu kwa furaha, mtoto anaonekana mwepesi. Siku ya nne alfajiri akaanza kuanguka. Akianguka, haamki, anaanguka tena. Jirani akasaka gari, likapatikana la kubeba ndizi. Kutoka kuanza mpaka kufika hospitali na kuchomwa sindano ilipita zaidi ya nusu saa. Tulipopata habari tulikwenda wanne, tukakaa kwenye benchi la nje. Hakuna aliyesema neno.

Daktari alitoka, akauliza, “Nani alisimamisha dawa?” Sote tulikuwa pale. Mama akajibu, “Ni mimi, Daktari.” Hakututaja. Mpaka leo hajatutaja. Ndiyo maana leo tunajitaja wenyewe.

Mtoto alipona. Siku ya tatu aliomba mtori, tukajua amerudi. Baadaye tuliomba muuguzi mmoja aje kwenye kikao atufundishe, maana wengi wetu tuliishia darasa la saba, na kuuliza si ujinga. Yale aliyotufundisha tunayaweka hapa, ili na mwingine afaidike.

Kwanza, dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Mwili unakuwa umeizoea, na ukiinyang'anya kwa mara moja kifafa kinarudi kwa nguvu, pengine mara nyingi kwa mfululizo, na mtoto anaweza kufa. Kama ni kuacha au kubadili, daktari hupunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Pili, shangazi hakukosea yote. Hili lilitushangaza. Fenobabitoni ni dawa nzuri na imeokoa wengi. Huko Mahenge, tangu miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu kwa dawa hiyo watu waliokuwa wametengwa na jamii zao. Lakini kwa baadhi ya watoto dawa hiyo hiyo huleta utukutu, hasira na kutotulia. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtoto mwenye matatizo ya tabia apewe nyingine, mfano kabamazepini, kama inapatikana. Kwa hiyo swali la mama lilikuwa swali la haki kabisa, na mtu wa kulijibu alikuwa daktari. Sisi tukamzuia asifike kwake.

Tatu, si mtoto huyu peke yake. Hapa jirani, Wilaya ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto wa miaka 6 hadi 14. Katika watoto 38,523 walipata 112 wenye kifafa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Na walipowaangalia zaidi, waliona zaidi ya nusu ya wale waliowapima walikuwa na matatizo ya tabia pia. Basi tuliposema utundu si ugonjwa, tulisema tusilolijua.

Nne, upo ugonjwa wa utukutu na kukosa umakini unaosimama wenyewe, hata kwa mtoto asiyeanguka. Si wa kulogwa, wala si wa mama kukosa kulea. Fimbo haiuponyi. Dawa zake zipo, mojawapo inaitwa methilifenideti. Husaidia watoto wengi kutulia na kusoma, lakini hupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo lazima mtoto apimwe uzito, urefu na mapigo ya moyo. Si dawa ya kununua duka lolote. Na daktari hukimbilii dawa kabla ya kuuliza kwanza: mtoto analala? anasikia vizuri? anaona? kuna nini nyumbani? Maana mtoto aliyehamishwa kihamba, akapotezewa baba, akawekwa chumba kimoja watu wanne, naye hatulii.

Sasa mambo yaliendaje? Baba alipigiwa simu na kaka yake, akaambiwa mtoto nusura afe. Alikuja. Alikuja na jani la isale mkononi, kama ilivyo desturi yetu Wachagga mtu anapoomba radhi, akawapa wazazi wa mama. Tusidanganyane, ndoa haikurudi kama zamani, kila mmoja anaishi kwake mpaka leo. Lakini waliketi pamoja mbele ya daktari, baba, mama na yule shangazi, wakakubaliana jambo moja: habari ya dawa ya mtoto hakuna atakayeamua peke yake, wala kwa hasira, wala kwa maneno ya jirani.

Dawa ilibadilishwa polepole. Mama alipewa kazi ya kuandika katika daftari: siku aliyoanguka, muda, usingizi, na alivyokuwa shuleni. Baada ya miezi utukutu ulipungua, lakini haukuisha. Daktari bingwa akasema inaonekana na ule ugonjwa mwingine anao. Akawaeleza dawa, faida yake na shida yake, akawaambia pia yale yanayowezekana bila dawa. Wakachagua kuanza na hayo. Mwalimu akamkalisha dawati la mbele, mbali na dirisha, akampa kazi fupi fupi na ruhusa ya kusimama kufuta ubao. Nyumbani akapewa saa moja ya kulala isiyobadilika. Jumamosi anapanda kwa bibi yake kukata majani ya ng'ombe, na bibi yule yule aliyetaka fimbo sasa ndiye anayesema, “Mjukuu wangu kazi anaijua.”

Leo yuko Darasa la Nne. Kusoma anasoma, hesabu bado zinampiga chenga, na siku mbaya zipo. Wazazi wake wanatakiwa kurudi kwa daktari kuamua kama sasa wajaribu na ile dawa ya utukutu, kwa muda uliopangwa, huku akipimwa. Uamuzi huo bado uko mbele yao. Mtatuuliza, ninyi kikundi mnasemaje? Safari hii hatusemi kitu. Tumetoa nauli, na mwenzetu mmoja atamsindikiza, kwa kuwa masikio manne husikia vizuri kuliko mawili. Wakisema ndiyo, tutasaidia. Wakisema bado, tutasaidia vile vile.

Kutokana na hayo tulibadili katiba yetu. Mfuko wa jamii sasa unahusu pia dawa za kila siku na nauli ya kliniki, na kila mwanachama anaongeza kidogo siku ya hisa kwa ajili hiyo. Ni marufuku kwenye kikao kumwambia mwenzio aache au aanze dawa. Unaloruhusiwa kusema ni moja: “Twende wote tukaulize.” Na habari ya mgonjwa haitoki mlangoni.

Kabla hatujakaa, tunaomba kila mmoja aondoke na hili. Ukimwona mtu ameanguka kifafa, usimkimbie, povu lake haliambukizi. Ondoa mawe na moto karibu yake, legeza nguo shingoni, mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimkandamize. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, hapo ni hospitali, msingoje gari la ndizi.

Ndugu mgeni rasmi, katika miaka kumi tumenunua viti, maturubai, sufuria za sherehe, na wengine wameezeka nyumba. Tunajivunia. Lakini kila tukifungua zile kufuli tatu tunakumbuka siku ile tulipozifunga mbele ya mama aliyekuja na swali la haki. Mama huyo hakutoka kwenye kikundi. Yuko hapa, amekaa kati yetu, na amechangia hisa zake kama sisi. Kwa hilo tunamshukuru mbele yenu wote, na tunamwomba radhi. Isale letu ni hili.

Umoja wetu udumu.