JUMAPILI YA GREENWICH
Familia ya Kenya Katika Mji wa London



Watu wengi wafikao London kwa mara ya kwanza huwa na orodha ndefu mfukoni. Wataka kuona jumba la Mfalme, daraja la Tower, saa kubwa ya Westminster, majumba ya sanaa na maduka, na yote hayo kwa siku moja. Mtu mzima aweza kujilazimisha. Mtoto wa miaka minne hawezi. Ifikapo saa tano amekwisha choka, saa sita analia, na mzazi aliyelipa nauli kubwa ya ndege hushikwa na haya na hasira kwa pamoja. Mazungumzo haya yahusu familia moja ya Kenya iliyofanya vingine, Jumapili moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2024.

Mama wa familia hiyo ni mwuguzi. Katika mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilifanya mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza, na mwaka uliofuata mama huyo naye akaenda. Aliwaacha watoto wawili, binti wa miaka sita na mvulana wa miaka miwili, mikononi mwa baba yao na nyanya yao. Kwa muda wa miaka miwili walionana katika simu tu. Mvulana akazoea kumwita nyanya yake Mama, na yule aliyemzaa akamwita Mama wa Simu. Baba alipowaleta London kumzuru, binti alikimbia akamrukia mama yake pale pale kiwanjani. Mvulana alijificha nyuma ya miguu ya baba yake, asitoke. Mama hakusema neno, bali alishika mizigo wakaenda.

Hospitali ilimpa siku chache tu za mapumziko, na Jumapili hiyo ilikuwa siku yake nzima ya kwanza pamoja nao. Baba alikuwa na orodha yake tayari, mambo tisa.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, tukienda kote hatutaona kitu. Twende mahali pamoja tu, na tutembee kwa mwendo wa huyu mdogo."

Akachagua Greenwich, kwa kuwa mambo mengi ya kuona huko hayatozwi hata senti moja. Alikwisha tazama usiku kama treni zingekuwepo, maana Jumapili ndiyo siku wanayopenda sana kutengeneza reli, na mgeni asiyeuliza aweza kukuta stesheni imefungwa. Alipika chapati na mayai, akajaza chupa ya chai. Chakula cha mikahawani katika mji ule chaweza kumaliza fedha za familia kabla ya jua la mchana. Mwisho alichukua kalamu ya wino akaandika nambari yake ya simu juu ya mkono wa kila mtoto, akawapa amri moja: ukipotea, simama hapo hapo, usimtafute mtu, utatafutwa wewe.

Nauli ya watoto haikuwa taabu. Katika mabasi na treni za mji wa London mtoto aliye chini ya miaka kumi na mmoja akifuatana na mkubwa wake halipi. Walipanda treni katika stesheni ya Bank, katikati ya mtaa wa mabenki, ambao siku ya Jumapili huwa kimya kabisa, utadhani wenyewe wamehama. Treni ya njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1987, haina dereva. Huendeshwa na mitambo, na mtumishi mmoja hutembea ndani akiangalia milango na abiria. Basi viti vya mbele kabisa, vyenye kioo kikubwa, huwa vya yeyote awahiye. Mvulana aliketi hapo akaiendesha treni kwa mikono miwili, akitoa mngurumo kwa kinywa, na abiria wazima waliokuwa wakivitamani viti hivyo wakamwachia.

Treni ilipita juu ya gati za zamani za West India, zilizofunguliwa mwaka 1802 kwa ajili ya meli za sukari. Meli zilikoma mwaka 1980, na mahali pa maghala leo pana majumba marefu ya biashara. Wakashuka Island Gardens, penye bustani ndogo ukingoni mwa mto Thames. Ng'ambo ya pili yaonekana majumba meupe yaliyobuniwa na Christopher Wren kwa ajili ya mabaharia wazee na waliojeruhiwa. Hapo watoto waliuliza daraja liko wapi.

Hakuna daraja. Kuna njia ya miguu ipitayo chini ya mto. Ilifunguliwa mwaka 1902 ili wafanya kazi wa gati waliokaa kusini waweze kwenda kazini kwa miguu bila kungojea mashua. Urefu wake ni futi 1,215, na kina chake futi 50 hivi. Mtu hushuka kwa ngazi zizungukazo kama parafujo, au kwa lifti siku ile ambayo lifti yapenda kufanya kazi. Siku hiyo haikupenda. Baba alibeba vikapu, binti akatangulia akihesabu ngazi kwa sauti.

Ndani ni baridi, kuta zimefunikwa vigae vyeupe, na sauti ya viatu hurudi kutoka mbele na nyuma. Upande wa kaskazini njia yenyewe huwa nyembamba, kwa kuwa bomu la vita vya pili liliiharibu na waliotengeneza wakaongeza ukuta wa chuma ndani yake. Mahali hapo hapo penye wembamba ndipo binti alipomweleza ndugu yake kwamba mto wote, pamoja na meli zake, ulikuwa juu ya kichwa chake.

Mvulana alisimama. Akatazama juu, akamtazama baba yake, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa na vikapu. Kisha akanyosha mkono upande wa pili akaushika mkono wa mama yake. Walitembea hivyo mpaka ngazi za ng'ambo, na mama hakuharakisha.

Walipotokeza juu waliikuta Cutty Sark, merikebu ya matanga iliyojengwa Scotland mwaka 1869 ili kuleta majani ya chai kutoka China upesi kuliko washindani wake. Iliungua moto mwaka 2007, ikatengenezwa, ikafunguliwa tena mwaka 2012. Kuingia ndani ni kwa fedha, na kwa watu wanne fedha hizo si haba. Wakaizunguka kwa nje, wakahesabu milingoti mitatu, ikatosha.

Sokoni palikuwa na watu wengi sana. Binti alisimama kutazama vikuku vya shanga, wazazi wakaendelea bila kujua. Walipogeuka hayupo. Jambo hilo huchukua dakika tatu au nne, lakini mzazi aliyepatwa nalo hawezi kuambiwa kwamba ni dakika chache. Baba alikwenda kulia, mama akarudi njia ile ile waliyojia, na alimkuta bintiye amesimama kama mlingoti mbele ya vikuku, mkono wenye wino ameuinua juu, machozi yakimtoka lakini mguu haujaondoka. Amri ilikuwa imeshikwa. Wakamnunulia kikuku kimoja, na hapana anayeweza kuwalaumu.

Juu ya kilima ipo nyumba ya kutazamia nyota iliyoanzishwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1675. Juu ya paa lake kuna mpira mkubwa mwekundu katika mlingoti. Tangu mwaka 1833 mpira huo umekuwa ukiwaonyesha saa mabaharia walioko mtoni. Saa saba kasoro dakika tano hupanda nusu, saa saba kasoro dakika mbili hufika juu kabisa, na saa saba kamili huanguka. Mvulana alikuwa amebebwa kupanda kilima, sehemu na baba, sehemu na mama. Ulipoanguka mpira alipiga kelele, akataka uanguke tena. Akaambiwa mpaka kesho. Baba alitazama saa ya simu yake, akasema kwamba nyumbani ni saa tisa, nyanya yuko uani.

Karibu na hapo umepita mstari wa longitudo sifuri, ambao mataifa 25 yalikutana Washington mwaka 1884 kuujadili, na wengi wakaukubali. Ndani ya ua watu hulipa na kupanga foleni ili wapigwe picha juu yake, lakini mstari huo waendelea nje ya ukuta, katika njia ya chini, na hapo hapana foleni wala malipo. Binti, aliyewahi kufika Nanyuki, aliuliza kama huu ni ndugu wa ule wa Ikweta. Ni ndugu wa kambo. Ikweta ipo kwa sababu dunia yazunguka, na hata watu wasingekuwepo ingekuwa pale pale. Huu mwingine uliwekwa kwa kura. Baba alipotazama simu yake aliona kwamba sifuri ya setilaiti haipo hapo, iko kama mita 102 upande wa mashariki, bustanini kati ya majani. Hilo lilimfurahisha kuliko mstari wenyewe.

Walikula chapati juu ya majani. Mvua ilipoanza, kama ilivyo desturi ya huko, waliingia katika Jumba la Mambo ya Bahari, lililofunguliwa mwaka 1937, wala halina kiingilio. Humo mna ramani ya dunia iliyotandazwa sakafuni, kubwa kiasi cha watoto kutembea juu yake. Binti alisimama juu ya Afrika ya Mashariki akahesabu hatua mpaka Uingereza, kisha akarudi, akahesabu tena polepole, kana kwamba mara ya pili zingepungua. Mama alikuwa ameketi kando akimtazama, mvulana amelala mapajani mwake.

Walirudi nyumbani kabla ya giza, na kati ya mambo tisa ya orodha hawakuona hata moja. Jumatatu saa moja asubuhi mama alikuwa hospitalini. Zilibaki Jumapili mbili. Kwa ile ya kwanza walichagua Coram's Fields, kiwanja cha michezo kilichopo mahali pa nyumba ya watoto walioachwa, iliyoanzishwa na nahodha Thomas Coram mwaka 1739. Sheria ya kiwanja hicho ni kwamba mtu mzima haruhusiwi kuingia asipofuatana na mtoto. Mvulana aliposikia kwamba mlangoni yeye ndiye atakayemwingiza baba yake, aliuliza kama Mama naye atazuiliwa. Akajibiwa kwamba naye pia atazuiliwa. Akasema basi atawashika mkono wote wawili.