Tumefika Hatua Gani?

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo linalomhusu kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Jambo hilo ni umri wetu. Hatusemi juu ya kuhesabu miaka tu, bali juu ya kazi ambayo kila umri humpa mtu moyoni mwake.

Kuna maneno ambayo twayasikia mara nyingi katika nyumba zetu. Baba asema, "Kijana huyu simwelewi tena." Kijana naye asema, "Hapa nyumbani hakuna anijuaye." Mama wa makamo asema, "Watoto wameondoka wote, nami sijui nimebaki kwa ajili ya nini." Na mzee, akikaa peke yake jioni, asema pole pole, "Maisha yangu yamepita bure." Tukiyasikia maneno haya twadhani ni ukaidi, au ni uchovu, au ni uzee tu. Lakini huenda kila mmoja wao amefika mahali fulani katika safari yake, na iko kazi inayomngoja pale pale alipofika.

Mtu mmoja aliyeyafikiri sana mambo haya ni Erik Erikson. Alizaliwa mwaka 1902 mjini Frankfurt, Ujerumani. Mama yake alikuwa Myahudi wa Denmark. Baba aliyemzaa hakumjua kamwe. Mama huyo aliolewa na daktari wa watoto aliyeitwa Homburger, na mtoto akakua akiitwa kwa jina hilo. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu; basi watoto wenzake wa sinagogi walimcheka kwa kuwa hakufanana na Wayahudi, na wenzake wa shule wakamcheka kwa kuwa ni Myahudi. Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu, bali alitangatanga akichora picha. Mwaka 1927 alikwenda Vienna kufundisha katika shule ndogo ya watoto, na huko akajifunza elimu ya nafsi kwa Anna Freud. Mwaka 1933 alihamia Marekani. Alipopata uraia wa huko mwaka 1939 alijiita Erikson, yaani mwana wa Erik. Mtu asiyemjua babaye alijipa jina kutokana na jina lake mwenyewe! Si ajabu kwamba swali la "Mimi ni nani?" lilimshughulisha mpaka alipofariki mwaka 1994.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1950 Erikson alieleza hatua nane za maisha ya mwanadamu. Mkewe, Joan, alishirikiana naye katika kazi hiyo. Katika kila hatua, alisema, moyo huvutwa pande mbili. Hakuna anayeshinda upande mmoja kabisa. Lakini mtu akiegemea zaidi upande ulio mwema, hupata nguvu ya kumsaidia katika hatua zinazofuata. Basi tuzipitie pamoja, na kila mmoja wetu ajitazame.

Hatua ya kwanza ni mwaka wa kwanza wa mtoto. Hajui kusema, lakini ana swali moja kubwa: Nikilia, je, kuna atakayekuja? Akifungwa mgongoni kwa leso, akinyonya, akisikia sauti ile ile kila siku, hujifunza kwamba dunia ni mahali pa kuaminika. Asipopata hayo, hujifunza kuogopa. Nguvu ya hatua hii ni tumaini.

Hatua ya pili ni ya mwaka wa pili na wa tatu. Mtoto asimama, akimbia, akataa uji, asema, "Mimi mwenyewe!" Wazazi hupata taabu, lakini hapo ndipo nia yake inapozaliwa. Akiaibishwa kila anapojaribu, hukua na haya na mashaka juu ya nafsi yake.

Hatua ya tatu ni ile ya michezo, kabla ya shule. Mtoto atengeneza gari la waya, apika chakula cha udongo, auliza maswali mia kwa siku. Akijibiwa vema hupata kusudi la kuanzisha mambo. Akikemewa kwa kila swali, hujiona ana hatia hata kwa kuwaza tu.

Hatua ya nne ni miaka ya shule ya msingi. Hapa mtoto ataka kujua kama aweza kufanya kazi na ikafaa. Hapa ndipo wengi wetu tulipoumia. Tukumbuke mtihani wa darasa la nane wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa miaka hiyo yote watoto wengi walisoma thamani yao katika karatasi moja ya alama. Wako watu wazima leo, wenye mashamba mazuri au wenye ufundi wa kusifiwa, ambao bado husema, "Mimi si mtu wa maana, sikupita." Hayo ndiyo Erikson aliyoyaita kujiona duni. Tujihadhari tusiwape watoto wa leo jeraha lile lile kwa jina jingine.

Hatua ya tano ni ujana, na swali lake ni lile la Erikson mwenyewe: Mimi ni nani? Mwaka 1958 alitoa kitabu kizima juu ya ujana wa Martin Luther. Baba yake Luther, Hans, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba, naye alitaka mwanawe awe mwanasheria. Mwaka 1505, Martin akiwa na umri wa miaka 21, alikutwa na dhoruba ya radi njiani, akaweka nadhiri, akaacha sheria, akaingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Baba alikasirika mno. Zikapita tena kama miaka 12 kabla ya zile hoja 95 za mwaka 1517. Erikson aliona kwamba kijana huhitaji muda wa namna hiyo, muda ambao watu wazima humpa nafasi ya kutafuta kabla ya kumdai jibu. Basi wazazi tunaosema, "Kijana wetu amemaliza shule, amekaa tu," tuulize kwanza: Amekaa bure, au anatafuta? Vijana nanyi, kutafuta si kulala mpaka saa nne ya asubuhi. Nguvu ya hatua hii ni uaminifu, yaani kupata jambo la kweli na kushikamana nalo.

Hatua ya sita ni ya mtu mzima aliye kijana bado. Akiisha kujijua, aweza kujitoa kwa mwingine pasipo kuogopa kupotea. Hii ni katika ndoa, na ni katika urafiki wa kweli pia. Asiyeweza hubaki katika upweke, hata akiwa ndani ya nyumba yenye watu wengi. Nguvu yake ni upendo.

Hatua ya saba ni umri wa makamo, nayo ni ndefu. Hapa mtu hulea wale watakaobaki nyuma yake. Yule ambaye hakujaliwa mtoto asidhani kwamba mlango huu umefungwa kwake. Fundi anayemfundisha kijana kushika randa, mwalimu wa shule ya Jumapili, shangazi anayemlipia mtoto wa nduguye karo, hao wote wanalea. Anayejitunza mwenyewe tu hudumaa, kama mti wa kahawa usiopogolewa. Majani ni mengi lakini buni ni chache.

Hatua ya nane ni uzee. Mtu hutazama nyuma, aone kama aweza kusema juu ya maisha yake yote, pamoja na makosa na hasara zake, "Haya ndiyo yaliyokuwa yangu, nami nayapokea." Asipoweza, hukata tamaa, kwa kuwa aona muda wa kuanza upya umekwisha. Mwenye kuweza hupata hekima. Na faida hiyo si yake peke yake. Mtoto akimwona babu yake hana hofu mbele ya kifo, yeye naye huogopa maisha kidogo zaidi.

Wengine watasema, "Hizo ni elimu za wazungu." Tujibu hivi: Erikson mwenyewe alikwenda kukaa na kujifunza kwa Wasioux na Wayurok, wenyeji wa asili wa Marekani, kwa sababu aliona kwamba kila taifa lina njia yake ya kulea. Na sisi je? Wameru, Wakikuyu, Wakalenjin, Wamaasai na wengine walijua tangu zamani kwamba kila rika lina kazi yake, na kwamba mtu hapaswi kuvushwa peke yake. Tulipoacha mambo kadhaa ya zamani, je, tuliweka nini mahali pake ili kumshika kijana mkono?

Sasa tufike kwenye jambo kuu. Je, kama tulikosa katika hatua fulani, tumekosa milele? La. Erikson hakusema kwamba hatua hizi ni mitihani ya kupita au kuanguka. Kila hatua ya baadaye huleta tena maswali ya zile za nyuma. Mtu ambaye hakuaminiwa utotoni aweza kujifunza kuamini akiwa na miaka 30, kwa mke mwema au rafiki mwema.

Tumtazame Musa. Alizaliwa Mwebrania, akalelewa katika nyumba ya binti Farao. Alipokuwa na miaka 40 alikwenda kuwatazama ndugu zake, nao wakamkataa. Wamisri nao wakamtafuta wamuue. Akiwa Midiani alimwita mwanawe Gershomu, jina lenye habari ya ugeni. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, bado anasema, "Mimi ni mgeni." Swali la ujana lilikuwa halijamwacha! Aliitwa akiwa na miaka 80. Baadaye alimwekea Yoshua mikono, akamwachia kazi. Mwisho, katika mlima Nebo, aliitazama nchi ambayo hakuruhusiwa kuiingia. Someni habari hiyo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 34. Kazi yake ilikuwa haijakwisha, lakini mtu wa kuiendeleza alikuwapo.

Basi jioni ya leo, tuchukue karatasi tuandike hatua hizi nane. Mbele ya kila moja tuandike jina la mtu mmoja aliyetusaidia pale. Pakiwa patupu, tusipafiche; huenda hapo ndipo tunapohitaji kuanzia. Kisha tuandike jina la mtu mmoja aliye katika hatua ambayo sisi tumekwisha kuivuka. Juma hili twende tukakae naye. Kama ni kijana, tumsikilize kabla ya kumshauri. Na kama yuko mzee anayesema maisha yake yamepita bure, tusimwambie tu, "Usiseme hivyo, mzee." Tumwombe atusimulie, tangu mwanzo. Huenda akisimulia atasikia mwenyewe kwamba hayakupita bure.

Mungu awabariki katika hatua mliyofika.