Kazi za Ufundi na Vijana Wetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwa niaba ya Kamati ya Elimu



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa ya kusema maneno machache katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za bei na za maghala, wala hatuna haja ya kuyarudia. Sisi twapenda kusema juu ya zao jingine, ambalo halipimwi kwenye mizani wala halitiwi katika magunia, nalo ni watoto wetu wenye umri wa miaka kumi na minne hata kumi na minane. Je, watafanya kazi gani?

Kila mzazi hapa ajua jinsi mashamba yanavyopungua. Mtu mwenye ekari 3 na watoto wanne, akizigawa sawasawa, kila mmoja atapata robo tatu ya ekari. Mjukuu naye atapata nini? Migomba na mibuni haiongezeki kwa kugawanywa. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, nalo lilikuwa jambo jema sana. Lakini si wote wamalizao kidato cha nne waendao mbele. Wengi hurudi nyumbani na cheti, nasi wazazi twawatazama kana kwamba wameshindwa maisha, na wao wenyewe huanza kuamini hivyo.

Kosa la mawazo haya ni kufikiri kwamba njia ni moja tu: darasa, kisha ofisi. Mwalimu Nyerere, alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967, aliikosoa elimu inayowaandaa wachache kwa masomo ya juu na kuwaacha wengi bila maandalizi ya maisha watakayoishi. Na wazee wetu kabla yake walikwisha kusema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Wako wasemao kwamba ufundi ni kazi ya mtoto asiye na akili. Twawaomba watu hao wamtazame fundi mwema akiwa kazini. Mwashi akijenga tangi la kuvundikia kahawa, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, hana budi kujua kwamba litaingia lita 2,000 za maji, na kwamba kuta zake zitasukumwa na maji hayo. Akichanganya zege kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, akakosea hesabu, tangi litavuja. Fundi wa umeme asiyejua kwamba kifaa cha wati 2,300 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 10 ataweka waya mwembamba, na nyumba itaungua. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kufunga nyaya za umeme majumbani ila awe na leseni ya EWURA. Hesabu ya darasani ndiyo hiyo hiyo ya karakana, ila katika karakana kosa haliandikwi kwa wino mwekundu. Huonekana kwa macho na hulipwa kwa fedha.

Na tuitazame kahawa yetu wenyewe. Matunda yaliyochumwa asubuhi yapaswa kumenywa siku ile ile, maana yakilala huanza kuchacha, na ladha huharibika. Mashine ya kumenyea ikikazwa kupita kiasi, hukata buni. Ikilegezwa mno, matunda hupita na maganda yake. Kati ya hayo mawili pana nafasi ndogo sana, nayo yahitaji mkono na jicho la mtu aliyefundishwa. Sasa mashine ikiharibika katikati ya msimu, na fundi ni wa mjini, naye ana kazi nyingine za siku tatu, hasara ni ya nani? Si ya fundi, wala si ya mnunuzi. Ni ya mama aliyeamka alfajiri kuchuma. Kadhalika vichanja vya kukaushia vyataka seremala. Paa la ghala lataka fundi bati. Pampu yataka fundi bomba. Pikipiki zibebazo mizigo yetu zataka makanika. Na nyumba zilizotiwa umeme wa jua zataka mtu wa kuzitunza. Kazi ipo hapa hapa kijijini. Wasiokuwapo ni mafundi wenye ujuzi kamili.

Tusisahau pia kwamba ushirika katika nchi hii umezoea kusomesha watu wake. Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933; na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, ambacho mwaka 2014 kimekuwa Chuo Kikuu. Viongozi wa wakati ule walitambua kwamba chama hakiwezi kuendeshwa na katibu asiyejua vitabu vya hesabu. Nasi twasema: vilevile chama hakiwezi kusitawi ikiwa hakuna ajuaye mitambo yake.

Basi kijana apite njia gani? Ziko nne, nasi tutazitaja kwa ufupi.

Ya kwanza ni vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Humo kijana hupanda kwa hatua tatu, na kila hatua ina mtihani na cheti chake. Ya pili ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, ambavyo hufundisha ufundi pamoja na kilimo na mambo ya nyumbani. Ya tatu ni shule za sekondari zenye mkondo wa amali, uliowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, sambamba na mkondo wa jumla. Ya nne ni ile ya zamani: kijana hukaa na fundi, akishika kurunzi leo na spana kesho. Njia hii nayo ina heshima yake, maana VETA huwapima watu waliojifunza kazini, na wakithibitika huwapa vyeti.

Lakini njia hii ya nne yataka uangalifu. Wako mafundi wanaomfanya kijana mchota maji kwa miaka miwili bila kumwonyesha kazi. Kwa hiyo mapatano yaandikwe: muda, kazi zitakazofundishwa, chakula na posho. Tena sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asitiwe katika kazi ya hatari. Mtoto wa shule amalize shule kwanza. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi hata akavunjika.

Twaongeza maonyo mawili. Kwanza, tusiwapeleke wote kwenye ufundi mmoja. Kijiji chenye cherehani ishirini na bomba zinazovuja hakikupanga vizuri. Pili, mabinti wasibaguliwe. Mkono unaoweza kupima unga na chumvi bila kukosea waweza kupima waya na bomba, na waya haumwulizi mtu kama ni mume au mke.

Bwana Mwenyekiti, maneno matupu hayajengi nyumba. Kwa hiyo Kamati yaomba Mkutano Mkuu utakapokutana ufikirie mambo matatu:

1. Baada ya kuweka akiba zote zitakiwazo na sheria, sehemu ya ziada ya kila mwaka itengwe kwa kuwalipia vijana wa wanachama mafunzo ya ufundi. Kila chama cha msingi kichague vijana wake mbele ya mkutano, si katika chumba cha ofisi.

2. Kila ahitimuye akopeshwe vyombo vya kazi. Seremala bila randa na msumeno, au mwashi bila timazi na pimamaji, ni sawa na mkulima bila jembe. Mkopo huo alipe polepole, na akipenda aulipe kwa kutengeneza mashine za vyama wakati wa msimu.

3. Kazi za ujenzi na matengenezo za Chama zitolewe kwanza kwa mafundi hawa, kwa bei ya haki, ikiwa kazi yao ni safi. Isipokuwa safi, irudiwe. Hatuombi upendeleo wa kuficha kazi mbovu.

Najua wako watakaouliza: je, fedha hiyo isingegawanywa kwetu kwa kilo za kahawa? Jibu letu ni hili. Fedha ikigawanywa, kila nyumba itapata kidogo, nacho kitaliwa kabla ya mvua za masika. Ikiwekwa kwa vijana, itarudi kila msimu mashine inapozunguka bila kusimama.

Miaka kumi iliyopita tuliunganisha mazao yetu ili tusiuze kila mtu peke yake. Sasa tuunganishe nguvu zetu kwa ajili ya mikono ya watoto wetu. Na mzazi, atakapomwona mwanawe akirudi jioni na mafuta ya mashine katika nguo, asimwonee haya. Amwandalie maji ya kuoga, na amwulize kazi ya leo ilikuwaje.

Twawatakia nyote sikukuu njema, na Chama chetu miaka mingine mingi ya heri.