Nusukaputi Hutoka Mlango Ilioingilia

Tangu Januari 1, 2026, Umoja wa Ulaya hauruhusu desflureni kutumika kama dawa ya usingizi ya kuvutwa, isipokuwa pale ambapo hakuna nyingine itakayomfaa mgonjwa. Scotland iliiondoa hospitalini mapema zaidi, mwaka 2023. Kisa si mgonjwa hata kidogo. Kisa ni hewa ya nje.

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwa na ini, kisha mabaki yakatoka na mkojo. Nusukaputi ya kuvutwa haina safari ndefu hivyo. Huingia kwa mapafu, ikafuata damu hadi kwenye ubongo, na mtaalamu wa usingizi akishaifunga, hutoka kwa pumzi. Ini huchakata takriban asilimia 0.02 tu ya desflureni. Isoflureni ni asilimia 0.2, sevoflureni kati ya 2 na 5. Halotheni, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1956, ndiyo iliyolisumbua ini: karibu sehemu moja ya tano huvunjwa humo, na mara chache mabaki yake huchochea kinga ya mwili kulishambulia ini lenyewe.

Kwa mgonjwa, basi, desflureni ni mgeni asiyekawia: huondoka upesi, na mgonjwa akazinduka upesi. Tatizo ni kwamba ikishatoka hospitalini hukaa angani zaidi ya miaka 10, na kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 2,500 zaidi kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kwa maoni yangu Ulaya imeamua vyema, maana mbadala upo: sevoflureni, au propofoli inayopitishwa mshipani.