Ini la Mtoto Mchanga na Dawa Tunazompa

Leo tuzungumze juu ya manjano ya watoto wachanga. Hii si ile homa ya manjano inayoletwa na mbu.

Damu ikizeeka mwilini huvunjika na kuacha uchafu wa rangi ya manjano, unaoitwa bilirubini. Kazi ya ini ni kuutengeneza upate kutoka kwa choo. Ini la mtoto wa siku chache bado ni changa. Kwa hivyo wengi huwa manjano kidogo siku ya 2 au ya 3, halafu hupona wakinyonya vizuri.

Sasa tusikilizane hapa. Ini hilohilo ndilo linalovunja dawa nyingi. Dawa inayotoka upesi kwa mtu mzima inaweza kukaa na kumdhuru mtoto. Tena kuna dawa zinazoibandua bilirubini pale iliposhikwa katika damu, nayo huingia kwa ubongo. Mwaka 1956 madaktari wa New York walieleza kwamba watoto njiti waliokingwa na dawa ya salfa walikufa wengi zaidi, ubongo ukiwa umeharibiwa na manjano. Septrin ina salfa. Anayepona anaweza kubaki kiziwi au mlemavu.

Basi tukubaliane hivi:

1. Mtoto mchanga asipewe dawa ya dukani wala ya miti bila kuonwa na muuguzi au daktari.

2. Nguo na blanketi zake zisiwekwe naftalini, zile tembe nyeupe za kufukuza nondo. Kuna watoto, hasa wavulana, ambao damu yao hupasuka kwa hiyo harufu.

3. Tumtazame macho, viganja na nyayo mchana, penye mwanga.

4. Manjano ya siku ya kwanza, au ya viganja na nyayo, au mtoto hanyonyi na analala tu: hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ikipita siku 14, au choo kikiwa cheupe.

Hospitalini, kama pale Rufaa ya Moi hapa Eldoret, mtoto hulazwa chini ya mwanga wa buluu. Mwanga huo huibadilisha bilirubini itoke bila kungoja ini. Kumwanika kwa jua la asubuhi hakutoshi.

La kujadili kikundini: mtoto akizidiwa usiku, nauli itatoka wapi? Tutenge kidogo kila mkutano. Tusingoje harambee ya mazishi.