Msaidizi wa Sheria wa Jaji katika Mahakama za Makabila: Hotuba kwa Wahitimu

Msaidizi wa sheria wa jaji ni mwanasheria, aghalabu aliyehitimu karibuni, anayemsomea jaji jalada, kumtafitia sheria na kumwandalia rasimu ya hukumu. Si karani wa masjala anayepokea nyaraka na kupanga tarehe za mashauri, wala si jaji wa pili. Nchini Marekani wasaidizi hawa wapo katika mahakama za shirikisho, za majimbo na za makabila ya wenyeji asilia. Mhitimu anayevua joho leo na kuelekea mahakama za makabila amefunzwa vya kutosha kuhusu zile mbili za kwanza. Kwa ile ya tatu, mafunzo yake ndiyo kwanza yanaanza.

Mwaka 1883 serikali ya shirikisho iliunda mahakama katika maeneo yaliyotengwa kwa wenyeji, na miongoni mwa mambo yaliyohesabiwa kuwa makosa ni ngoma na uganga wao wa jadi. Taifa la Navajo, mojawapo ya makabila hayo, lilitwaa mahakama zake kutoka kwa serikali hiyo tarehe 1 Aprili 1959. Mwaka huohuo, katika shauri la Williams v. Lee, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mahakama za Arizona hazina mamlaka juu ya deni ambalo mfanyabiashara asiye mwenyeji aliwadai mume na mke Wanavajo ndani ya eneo lao. Mageuzi ya 1985 yakaunda Mahakama ya Juu ya Navajo, yenye makao Window Rock na majaji watatu. Msaidizi asiyeijua historia hii huichukulia mahakama ya kabila kama tawi la mahakama ya jimbo, na dhana hiyo hupotosha kila anachokiandika.

Kwa hiyo somo la kwanza ni mpangilio wa vyanzo. Chuoni mwanafunzi huzoea kuanza na hukumu za shirikisho na za majimbo. Mahakama za Navajo huanza na sheria zilizotungwa na taifa lenyewe, zikifasiriwa kwa mwanga wa Diné bi beenahaz'áanii, yaani misingi ya asili ya Wanavajo, ambayo baraza lao liliitambua rasmi mwaka 2002. Sheria ya shirikisho hufuata pale inapohusika, na ya jimbo huja mwisho. Misingi hiyo ya asili haipatikani yote maktabani. Sehemu yake imo katika hukumu zilizotangulia, sehemu katika lugha, na sehemu vichwani mwa wazee.

Mfano ni mirathi ya kibali cha malisho, ambacho Wanavajo hukihesabu kwa idadi ya kondoo. Msaidizi aliyezoea sheria za majimbo atapendekeza kila mtoto wa marehemu apate fungu sawa. Lakini katika shauri la Begay v. Keedah la 1991, Mahakama ya Juu ya Navajo iliweka vigezo tofauti: kibali kisigawanywe vipande, kibaki na mifugo ya kutosha kumkimu mtu, na kipewe anayeitumia mwenyewe ardhi ya malisho. Hivyo waraka wa msaidizi huuliza kwanza nani amekuwa akichunga, na idadi ya warithi huja baadaye.

Usimamizi mzuri huanza kabla kalamu haijashikwa. Jaji humweleza msaidizi suala linalobishaniwa, chanzo cha kuanzia na siku ya kuwasilisha. Msaidizi huandika waraka unaotenga mambo manne: ukweli ulioko kwenye jalada, hoja za kila upande, sheria inayohusika na pendekezo. Kila dai la ukweli hubeba namba ya ukurasa wa jalada. Pasipo na sheria iliyoandikwa, msaidizi hulisema pengo hilo waziwazi, maana kulijaza kwa kubuni mila ni kosa kubwa kuliko kukosea namba ya kifungu. Jaji naye husahihisha mbele ya msaidizi na kueleza sababu. Rasimu inaweza kuandikwa na msaidizi, ila uamuzi na maneno ya mwisho ni ya jaji.

Maadili yanahitaji uangalizi wa karibu zaidi katika jamii ambamo watu wanajuana. Mnavajo hujitambulisha kwa koo nne: ya mama, ya baba, ya babu mzaa mama na ya babu mzaa baba. Msaidizi aliyezaliwa humo humtajia jaji mapema uhusiano wowote na wadaawa, na jaji ndiye anayeamua kama msaidizi huyo atalishughulikia shauri hilo. Anayesimamishwa dukani na mdaawa akiulizwa habari za shauri hujibu kwa adabu kwamba halizungumzii, kisha humjulisha jaji.

Ubora wa kazi hii una uzito nje ya kabila pia. Tangu 1985, mahakama za shirikisho kwa kawaida hutaka mahakama ya kabila iamue kwanza suala la mamlaka yake, na uamuzi huo unaweza kupitiwa baadaye. Sheria ya shirikisho ya 2010 inaruhusu makabila kutoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa kosa moja, kwa masharti yanayojumuisha jaji mwenye taaluma ya sheria, wakili wa mshtakiwa, sheria zilizotangazwa na kumbukumbu za mwenendo. Ili ubora huo udumu, na kwa kuwa wasaidizi wengi hukaa muda mfupi, anayeondoka humwachia mrithi wake faharasa ya hukumu, nyaraka za utafiti na orodha ya masuala ambayo bado hayajaamuliwa.