Mazungumzo Juu ya Ukaguzi wa Wadudu wa Minazi Wakati wa Kiangazi



Mwenye shamba akikuta vidaka vimetapakaa chini ya mnazi, kwa kawaida hulaumu jua. Pengine husema kweli, kwani mnazi wenyewe hupukutisha sehemu ya vidaka vyake, na ukame huzidisha. Lakini hapa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, M. J. Way, alithibitisha kuwa yuko mharibifu mwengine: mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, anayefyonza maua na vidaka vichanga na kuvitia mate yenye sumu. Mwaka 1955 alipewa jina la kitaalamu la Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu huyo. Wachache tu hutosha kuuharibu mnazi, na kwa uchache wao ni shida kuwaona.

Kwa sababu hiyo mkaguzi hamtafuti kwanza mdudu mwenyewe. Hupita mstari kwa mstari, huokota vidaka vilivyoanguka, huviondoa vikombe vinavyovifunika kichwani na kutazama. Kidaka kilichofyonzwa huwa na kovu lililobonyea. Kitale kilichosalimika mtini huweza kuwa na nyufa zenye utomvu. Kisicho na kovu hakihesabiwi. Kazi hii huchosha, khasa kwa jua la Januari na Februari, lakini ndiyo inayotenganisha madhara ya mdudu na ya ukame.

Kisha hutazama juu. Way alionyesha kuwa majimoto, wale wanaoshona viota vya majani, huwafukuza wadudu hawa. Adui wa majimoto ni sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao huwaondoa bila ya wao wenyewe kumzuia mharibifu. Basi kila mnazi huandikwa: una majimoto, una sisimizi, au hauna wote wawili.

Hapo ndipo panapozuka ugomvi. Wakwezi huumwa na majimoto, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Mtu aliye juu ya mnazi hana mkono wa kujikunia. Wako wanaochoma viota kabla ya kuangua. Nazi za siku ile hupatikana, ila vidaka hubaki bila ya mlinzi. Dawa inayopulizwa ovyo huleta hasara hiyo hiyo. Na kwa kuwa ua huchukua takriban mwaka mmoja hadi kuwa nazi pevu, upungufu huonekana wakati moto umeshasahauliwa.

Wenye mashamba wanaombwa wasichome viota, wala wasipalilie shamba lote likawa jeupe kwa mara moja. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa majani yakiachwa ardhini, majimoto huweza zaidi kuwastahamili sisimizi. Michungwa na mikarafuu iliyomo baina ya minazi nayo isikatwe kwa ajili ya majimoto, kwani hujenga humo pia. Aidha, vidaka vilivyoanguka visifagiliwe kabla mkaguzi hajapita.